Kabla Picha za Shule Hazijapoteza Majina: Namna ya Kukusanya, Kutundika na Kutunza Sanaa ya Wanafunzi

Mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari hapa Kenya, wa mwaka 2027 utakuwa wa mwisho kwa mfumo wa elimu wa 8-4-4, na sisi walimu wa sanaa tuna sababu yetu wenyewe ya kuhesabu miezi iliyobaki. Tangu KCSE ilipofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, shule zinazofundisha Sanaa na Usanifu zimekuwa zikilimbikiza kazi za wanafunzi bila hata kukusudia: michoro ya penseli na mkaa, picha za rangi ya maji, batiki, chapa za lino, vyungu, vinyago vya mawe ya sabuni. Nyingi ziko stoo, zimekunjwa, na hazina jina. Anayejua nani alichora nini ni mwalimu aliyekuwepo wakati huo. Tume ya kuajiri walimu, TSC, ikimhamisha au akistaafu, anaondoka na majina yote kichwani.

Mimi hufundisha sanaa katika shule ya sekondari hapa Kisumu. Korido zetu, maktaba, bwalo na ofisi zina kazi za wanafunzi, na walimu wanaotutembelea wakati wa mashindano hunipigia simu baadaye kuuliza tulianzia wapi. Jibu langu ni lile lile siku zote: tulianzia kwenye daftari. Fremu na misumari vilifuata baadaye sana. Shule inayotundika kabla ya kuandika itakuwa na ukuta wa kupendeza kwa miaka michache, kisha itakuwa na picha za watu wasiojulikana, na picha ya mtu asiyejulikana ndiyo ya kwanza kutupwa rangi mpya ikipakwa.

Daftari

Nunua lile daftari kubwa la jalada gumu ambalo wauza vitabu huliita kaunta buku. Kompyuta itasaidia baadaye, lakini daftari halihitaji stima wala nywila, na mwalimu atakayekuja baada yako atalikuta mahali pake.

Kila kazi ipewe namba yenye mwaka ilipoandikishwa na nafasi yake katika mwaka huo: 2026.1, 2026.2, na kuendelea. Picha iliyochorwa miaka ya tisini ukiiandikisha leo, inapata namba ya leo. Mwaka wa kuchorwa una safu yake. Safu nyingine ni hizi: jina kamili la msanii, namba yake ya usajili shuleni, kidato (au gredi, kwa mfumo mpya), jina la kazi, nyenzo zilizotumika, vipimo kwa sentimita (kimo kwanza, kisha upana), jinsi ilivyofika kwenu, mahali ilipo sasa, na hali yake.

Namba ya usajili usiiache. Huku kwetu Atieno, Akinyi, Nekesa na Wafula ni majina ya kila darasa, kila mwaka. Baada ya miaka kumi na tano, "Mercy Atieno, Kidato cha Nne" anaweza kuwa mmoja kati ya wanne. Namba ya usajili inakupeleka moja kwa moja kwenye rejista kuu ya shule, na huko kuna mwaka aliojiunga na mahali alikotoka.

Nyuma ya picha, pembeni, andika namba kwa penseli laini ya B. Kalamu ya wino hupenya karatasi na kutokea upande wa mbele. Batiki na vitambaa, shona kipande kidogo cha utepe chenye namba kwenye pindo. Kinyago au chungu, paka tone la rangi ya kucha isiyo na rangi chini ya kitako, liache likauke, andika namba juu yake kwa wino, kisha paka tena.

Piga picha kila kazi kwa simu. Itoe nje kivulini asubuhi, iegemeze ukutani, shikilia simu ikiwa sambamba nayo, na uweke karatasi nyeupe kando ili rangi zisije zikadanganya. Piga na upande wa nyuma, kwa maana mara nyingi huko ndiko kuna sahihi iliyofifia au tarehe. Nakala moja ya picha hizo ikae shuleni na nyingine nje ya shule kabisa. Shule za Kenya zimeungua mara nyingi mno kwa mtu kuweka kumbukumbu zote chini ya paa moja.

Na zile ambazo tayari hazina majina? Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Chagua chache, zitume kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa zamani, usiandike dhana yako mwenyewe, uliza tu: nani anaijua hii? Mtu akijibu, mwombe akueleze nani mwingine alikuwa darasani, kisha umuulize huyo wa pili bila kumpa jibu la wa kwanza. Wakikubaliana, andika. Wasipokubaliana, andika "hajajulikana" na uache nafasi. Walimu wastaafu nao watafute mapema. Wengi wao wako Vihiga, Siaya au Kisii na wangefurahi sana kuulizwa. Jina la kubahatisha ni baya kuliko nafasi tupu, kwa kuwa likishaandikwa hakuna atakayelichunguza tena.

Neno moja kuhusu kazi za mtihani: zile ambazo bado ziko chini ya KNEC, baraza la mitihani, usiziguse mpaka ufuate maagizo ya baraza hilo. Muulize mkuu wa shule kwanza.

Ruhusa

"Karatasi ni ya shule, rangi ni ya shule, basi picha ni ya shule." Nimelisikia hilo katika vyumba vingi vya walimu. Kuhusu karatasi yenyewe mnaweza kujadiliana. Hakimiliki ni jambo jingine. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, hakimiliki ya mchoro ni ya aliyeubuni, awe na umri wa miaka kumi na minne au sabini, nayo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kumhamishia mtu mwingine ni lazima kuwe na maandishi yaliyotiwa sahihi. Kwa hivyo kabla shule haijaweka mchoro wa mwanafunzi kwenye kalenda, fulana au jalada la gazeti la shule, lazima imwombe.

Sheria hiyo hiyo inampa msanii haki ya kutajwa kama mwenye kazi na haki ya kukataa kazi yake iharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Nawasihi walimu wenzangu wanaopenda "kusahihisha" picha kwa brashi yao kabla haijatundikwa: acheni. Mkono wa mwanafunzi ubaki ulivyo.

Fomu ya ruhusa haihitaji kuzidi nusu ukurasa. Iulize mambo matatu: kazi inabaki shuleni moja kwa moja au ni ya kuazimwa, na kama ni ya kuazimwa, mpaka lini, shule inaruhusiwa kuitumia wapi, na jina la msanii lionyeshwe vipi. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 atie sahihi pamoja na mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini hiyo pia mnapotaka kuonyesha jina na sura ya mtoto mtandaoni. Wazazi wapateni siku ya wazazi, wakiwa wamefurahi na wana kalamu mkononi.

Kwa wanaomaliza, tumieni fomu ya kuondoka. Kila mwanafunzi huizungusha kwa mkutubi, mlezi wa bweni, mwalimu wa michezo na mhasibu kabla ya kupewa cheti. Mwombe mkuu wa shule aongeze mstari mmoja wa mwalimu wa sanaa. Hapo ndipo mwanafunzi anachukua kazi zake zote au anatia sahihi kuwa anaiachia shule hii na hii. Mstari huo mmoja umetuokolea kazi nyingi kuliko kufuli la stoo.

Mnapomwita msanii wa nje, kwa mfano mchoraji wa mtaa wa Kondele aje achore ukuta, hali inageuka. Kazi iliyoagizwa, sheria huhesabu kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zikikubaliana vingine. Ndivyo ilivyo pia kwa kazi ya mwajiriwa anayoifanya katika ajira yake. Mimi hushauri mkataba useme kuwa msanii anabaki na hakimiliki na shule ina ruhusa ya kuipiga picha na kuionyesha bila malipo zaidi. Shule haipotezi chochote, na msanii anaondoka na heshima yake.

Kuchagua

Msitundike zote. Ukuta uliojaa hausomeki, na fremu ni ghali. Sisi tuna kamati ndogo: mwalimu wa sanaa, mkutubi, mwalimu mmoja wa somo lisilohusiana kabisa na sanaa, na wanafunzi wawili. Kila mwisho wa mwaka tunachagua chache za kuingia kwenye mkusanyo wa kudumu. Nyingine huonyeshwa kwa muhula mmoja na kurudishwa kwa wenyewe.

Huyo mwalimu wa somo jingine ana kazi muhimu. Sisi wa sanaa hukimbilia ustadi: kivuli kimekaa vizuri, umbali umepimwa, vidole vimechorwa sawasawa. Mwalimu wa fizikia huuliza swali tunalolisahau: picha hii inasema nini? Machweo ya ziwani yenye mtumbwi na mnazi mmoja nimeyaona yakiwasilishwa mwaka baada ya mwaka, tena minazi yenyewe hatuna. Lakini mchoro wa mkaa wa mikono ya nyanya akichagua mchanga kwenye omena, wale dagaa wa ziwani, hakuna mwingine angeweza kuuchora isipokuwa mtoto aliyekaa naye kwenye mkeka. Huo chukua, hata kama kidole gumba kimekosewa.

Kuna kazi nzito pia. Kwetu ipo chapa ya lino ya mwaka 2008 inayoonyesha maduka yaliyoteketea katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Wapo waliotaka ibaki stoo. Tuliitundika maktabani, karibu na rafu za historia, ambako mtu huketi na kutulia, na kando yake tukaandika mwaka na mahali. Sidhani ingefaa korido ya bweni, anakopita mtu akikimbilia kuoga. Mwanafunzi akichora msiba wa kwao au jambo lililompata nyumbani, muulize faraghani kama anataka lionekane, na umuulize tena baada ya wiki kadhaa. Akisita, mrudishie. Ikiwa mchoro unakufanya uhofie usalama wake, mpeleke kwa mwalimu mshauri siku hiyo hiyo; mambo ya ukuta yasubiri.

Zawadi kutoka kwa wanafunzi wa zamani zipokelewe kwa maandishi. Zawadi yenye masharti, kwamba itundikwe mlangoni milele au isiondolewe kamwe, mkatae kwa adabu.

Ukuta unaofaa

Ikweta inapita Maseno, hapa karibu. Maana yake kwa mtu anayetundika picha ni kwamba ukuta unaotazama mashariki hupigwa na jua la asubuhi mwaka mzima, na unaotazama magharibi hupigwa na la jioni mwaka mzima. Unaotazama kaskazini hupata jua kuelekea Juni, na wa kusini kuelekea Desemba, lakini wakati huo jua liko juu sana na paa la baraza hulizuia kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo kazi za karatasi ziende kwenye kuta za kaskazini au kusini zilizo ndani ya baraza, au bora zaidi kwenye ukuta wa ndani usiofikiwa na jua kabisa. Kalamu za rangi zenye ncha ya sponji hufifia haraka kuliko zote, zikifuatwa na rangi za maji za bei rahisi. Rangi iliyokwisha kufifia hairudi.

Ukitaka kuwashawishi wenzako, chukua ukanda wa karatasi uliopakwa rangi zile mnazotumia darasani, funika nusu yake kwa kadi nene, uubandike kwenye ukuta mnaoutaka kwa muhula mmoja. Mwisho wa muhula funua kadi. Hakuna mjadala utakaobaki.

Unyevu ni adui wa pili. Kabla ya kutoboa, bandika kipande cha nailoni angavu ukutani, ukiziba kingo zote nne kwa utepe, kiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, maji yanatoka ukutani na picha ya karatasi itaota kuvu hapo. Fanya jaribio hilo wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, kwa sababu ukuta uliokauka Februari unaweza kukudanganya. Epuka ukuta unaogawana na bafu au tangi la maji. Shule zilizo kwenye uwanda wa Kano, penye udongo mweusi unaovimba na kunywea, ziangalie nyufa: ufa mpya ukutani haufai kutundikwa kitu kizito pembeni yake.

Bwaloni kuna mvuke na mafuta ya kupikia. Huko sisi tuliweka vigae vya udongo uliochomwa na kazi za mabati, vitu vinavyopanguswa. Picha mliyotamani iwe bwaloni, chapeni nakala, ya asili ikae pengine.

Kimo: kitovu cha picha kiwe kama sentimita 145 kutoka sakafuni. Korido nyingi za shule zimepakwa rangi ya mafuta kuanzia chini hadi kiunoni, kwa kuwa hapo ndipo mabega, mifuko na viatu hugusa. Picha ianzie juu ya mstari huo. Kwenye ngazi msitundike kitu chochote kinachotokeza. Wala picha isizibe mlango wa dharura, kizima moto au ubao wa matangazo ya usalama. Mkaguzi akija ataiondoa, na atakuwa na haki.

Fremu

Fremu zetu hutengenezwa na fundi mmoja wa Kibuye hapa Kisumu, mzee tunayemwita Jaduong' kwa heshima. Alikuwa akitengeneza fremu za vioo na picha za harusi. Yale yanayohusu karatasi za sanaa tulifundishana, na sasa yeye ndiye humkatalia mteja anayetaka picha ibandikwe kwa gundi ya mbao. Ukipata fundi msikivu, mshike huyo huyo. Nenda na vipimo vilivyoandikwa, na usimwachie kazi ya asili. Apime fremu kwa kadi iliyokatwa kwa vipimo vile vile, kisha mje kuunganisha shuleni.

Mchoro usigusane na kioo. Hewa ya ziwa ikileta unyevu, rangi ya unga na ya maji hushikana na kioo na haitoki tena. Zungusha kadi nene yenye dirisha katikati ili kuwe na nafasi. Mchoro wenyewe usibandikwe kwa selotepu, ambayo huwa ya manjano na kuacha alama isiyotoka. Ushikilie kwa bawaba mbili ndogo za karatasi nyembamba na imara, upande wa juu tu, ili karatasi iweze kutanuka na kunywea kadiri hewa inavyobadilika. Gundi yake ipike mwenyewe: kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa vijiko vitano vya maji, moto mdogo, koroga mpaka uone inang'aa, chuja, iache ipoe, itumie siku hiyo hiyo. Paka kidogo sana, kwa maana mende wanaipenda, na siku mtakapotaka kuutoa mchoro, maji kidogo yatailegeza.

Kioo au plastiki angavu? Kioo cha milimita 3 kwa picha ya A2 kina uzito wa karibu kilo 2, na cha A1 mara mbili ya huo. Juu ya korido wanakopita mamia ya wanafunzi, mimi huchagua plastiki, ambayo haivunjiki vipande. Lakini plastiki ikipanguswa hupata chaji ya umeme inayovuta vumbi, na itavuta pia unga wa mkaa na chaki kutoka kwenye mchoro. Kwa hiyo michoro ya mkaa na pasteli hupewa kioo, na huwekwa mahali pasipo na msukumano, kama maktaba au ofisi.

Nyuma ya fremu, kabla ya hadibodi, weka karatasi nyeupe safi, kwa kuwa hadibodi huchafua karatasi inayogusana nayo kwa miaka. Ziba kingo za nyuma kwa karatasi ya kaki. Kwenye pembe mbili za chini gundisha vipande vya mpira wa kandambili kuukuu, ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Tundika kwa sehemu mbili, skrubu zikiwa ndani ya plagi za plastiki; msumari mmoja katikati hufanya picha ipinde kila mlango unapobamizwa. Mafundi wengi watakupa uzi wa nailoni wa kuvulia, maana upo tele huku. Ukataeni. Fundo lake huteleza na uzi wenyewe hulegea. Tumieni waya wa chuma usioshika kutu, na skrubu moja ya chini inayoshikilia fremu ili isinyanyuliwe na mpita njia.

Picha za kitambaa cha amerikani au gunia hazihitaji kioo. Zivutwe juu ya fremu ya mbao yenye kabari ndogo pembeni, ili zikilegea msimu wa mvua mzikaze tena.

Hela zikiwa haba, msipunguze ubora. Punguzeni idadi. Fremu nne nzuri kwa mwaka ni mkusanyo unaoonekana katika muda wa mwanafunzi mmoja kukaa shuleni. Chama cha wanafunzi wa zamani huchangia kwa furaha ukiwaonyesha picha ya mtu wa darasa lao.

Vinyago, vyungu na michoro ya ukutani

Jiwe la sabuni la Tabaka, kule Kisii, ni laini, hukwaruzwa hata kwa funguo, na likianguka huvunjika. Liwekeni juu ya jukwaa zito, la matofali au sanduku lililojazwa mchanga, na lishikizwe kwa pini ya chuma kama lina kitako kipana. Chungu kisichochomwa kisitoke chumba cha sanaa. Unyevu utakirudisha kuwa udongo.

Mchoro wa moja kwa moja ukutani, subirini angalau wiki nne baada ya plasta mpya, kwa sababu chokaa na simiti bado vina ukali unaokula rangi. Kwangueni rangi inayobambuka, pakeni rangi ya msingi inayostahimili ukali huo, kisha ndipo wanafunzi waanze. Na kabla brashi ya kwanza haijagusa ukuta, andikeni ukuta huo utapakwa rangi upya baada ya miaka mingapi na nani ataarifiwa. Mchoro wa ukutani una umri wake. Upigeni picha siku ulipokamilika, uingie kwenye daftari kama kazi nyingine yoyote.

Kila muhula

Wapeni wanafunzi kazi hii, wawili wawili, kila jozi na korido yake. Watembee na daftari mwanzo wa muhula na mwisho: ipo? imelegea? ina doa? Vumbi litolewe kwa brashi laini kavu kwenye fremu na kioo. Kitambaa chenye maji hakiruhusiwi popote karibu na mchoro usio na kioo.

Wale wadudu wa ziwani wanapokuja kwa mawingu, zimeni taa zilizo juu ya picha usiku huo. Waliokufa juu ya picha waacheni wakauke kabisa ndipo muwafagie kwa brashi. Mkiwasugua wabichi watapaka doa la kijani. Nyuma ya fremu ndiko mijusi hulala na kunya, basi fremu zinyanyuliwe na kupanguswa nyuma. Njia za mchwa ziangaliwe kwenye kona za ukuta na nguzo za mbao. Dawa ya wadudu ipuliziwe sakafuni na kwenye nyufa, kamwe isielekezwe kwenye picha.

Kuvu ikionekana, iondoe picha hiyo mara moja, itenge na nyingine, ikauke kivulini penye upepo, kisha uipige brashi nje ya jengo ukiwa umefunika pua na mdomo. Baada ya mvua kubwa ya kwanza ya kila msimu, tembea mwenyewe ukiangalia dari. Likizo ndefu ya Novemba na Desemba, wakati majengo yamefungwa, teremsha kazi za karatasi zilizo kwenye baraza na uzilaze ndani, kati ya karatasi safi. Magazeti yana tindikali na wino, usiyatumie.

Kibandiko na matembezi

Kibandiko kikae ukutani, kulia mwa picha, kwa herufi zinazosomeka kwa hatua mbili: jina la msanii, kidato au gredi na mwaka, jina la kazi, nyenzo, na sentensi moja ya msanii mwenyewe kama aliiacha. Namba ya daftari iwe chini kwa herufi ndogo.

Gredi ya 10 walipofika mwaka 2026, wengine wakiwa wamechagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo na wengine wakiwa bado na mashaka, matembezi ya korido yalikuwa somo langu la kwanza. Ninawapa kila mmoja kazi ya kuchagua picha moja na kunieleza mtu huyu alianzia wapi: kwenye giza au kwenye mwanga, kwenye uso au kwenye mandhari. Huwaeleza pia habari za Gregory Maloba, aliyezaliwa Mumias mwaka 1922, akasomea Makerere kwa Margaret Trowell, na kuchonga Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962. Mumias wanaijua, wengine wana shangazi huko. Kisha huwapeleka Makumbusho ya Kisumu, nauli ya matatu tu, wakaone Ber-gi-dala, boma zima la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi, na waangalie jinsi vitu vilivyopewa namba na maelezo. Wanarudi wakikosoa vibandiko vyetu, na mara nyingi wana haki.

Kukabidhi

Nakala ya daftari iwe kwa mkuu wa shule, na nyingine maktabani. Kila mwaka orodha iingizwe kwenye mali ya shule inayosomwa mbele ya bodi ya usimamizi, ili mkusanyo usiwe wa mwalimu fulani. Siku utakapopata barua ya uhamisho, tenga mchana mzima na atakayekupokea. Anzieni lango kuu, mpite kila korido na kila ofisi mkisoma namba moja moja, mmalizie stoo. Kazi ambayo haikuonekana iandikwe hivyo, pamoja na tarehe, kabla yeyote kati yenu hajatia sahihi.